Kiingereza Kabla ya Kidato cha Kwanza: Vitabu Vyepesi, Vingi, Mkononi mwa Mtoto

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wajumbe wa kamati za shule za msingi

 

 Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie hali ya Kiingereza nchini Tanzania. Mada hiyo ingetufikisha Jumapili. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti nimechukua kipande chake kimoja: mtoto wa darasa la tatu hadi la saba katika shule ya msingi ya serikali, zile ambazo vijana wa mjini wanaziita St. Kayumba. Mtoto huyu anasoma masomo yake kwa Kiswahili, na Kiingereza kwake ni somo kama Hisabati. Akifaulu, Januari anaingia kidato cha kwanza na kukuta Biolojia, Historia na Jiografia zote zinafundishwa kwa Kiingereza.

Nia yangu jioni hii ni kuwashawishi jambo moja. Kinachomkwamisha mtoto huyu si Kiswahili, wala si kuchelewa kuanza Kiingereza. Kinachomkwamisha ni kwamba katika miaka yote hiyo anakutana na Kiingereza kidogo mno chenye maana kwake, na njia tuliyo nayo ya kumwongezea ni kumpa vitabu vyepesi vya hadithi avisome. Nina hoja tano. Ya nne ndiyo ndefu, kwa hiyo nikiifikia msianze kutazama saa.

Kwanza nikumbushe tulikotoka, kwa haraka, maana wengi wenu mliyaishi haya. Baada ya Azimio la Arusha na andiko la Mwalimu Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Wengi walitarajia kwamba sekondari zingefuata. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza hivyo waziwazi: kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi hawawezi kuvisoma vitabu wanavyofundishiwa. Jibu lililochaguliwa lilikuwa mradi wa kuimarisha Kiingereza, na sehemu yake moja ilikuwa kupeleka vitabu vyepesi vya hadithi katika shule za sekondari. Wazo hilo la vitabu nalipenda sana. Tatizo ni mahali vilipopelekwa: kwa watoto ambao tayari lugha ilikuwa imeshabadilishwa.

Mjadala wa lugha ipi ifundishie sekondari ungalipo. Profesa Martha Qorro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameupigania kwa miaka mingi, na mimi niko upande wao. Lakini aliye darasa la tano leo hawezi kutusubiri tuumalize.

Hoja ya kwanza: tumekosea kupima umbali anaotakiwa kuuvuka

Naomba tufanye zoezi. Nitasoma sentensi moja ya sayansi, ninyi mnisikilize kama vile mko darasani.

"Mmea hutumia bongu wa jua, maji na hewa ya ukaa kufweza chakula chake, na hunyeba oksijeni kupitia vipashu vidogo vya majani."

Naona wengine mnacheka, na wengine mnaandika. Sentensi hiyo ina maneno 21, na manne nimeyatunga mwenyewe leo mchana. Mmekisia maana bila shida kubwa, kwa sababu mlishafundishwa usanisinuru, na kwa sababu sarufi ya Kiswahili mnaijua: mkisikia "hunyeba" mnajua ni kitenzi, mkisikia "vipashu vidogo" mnajua ni vitu, ni vingi, na vina udogo. Sasa mwondoleeni msikilizaji misaada hiyo yote miwili. Mpeni sayansi ambayo hajawahi kuisikia, kwa sarufi ambayo bado inampiga chenga, na maneno yasiyojulikana yawe manne kati ya ishirini na moja vilevile. Huyo ndiye mtoto wa kidato cha kwanza wiki ya tatu ya Januari, na hapo nimemkadiria kwa huruma.

Watafiti wa msamiati, akiwamo Paul Nation wa New Zealand, wanakadiria kwamba ili mtu asome peke yake na kuelewa, anapaswa kuyajua maneno kama 95 hadi 98 katika kila 100. Katika sentensi yangu ninyi mlijua kama 81. Chini ya kiwango hicho mtoto anafanya kile tunachokiona kila siku: ananakili ubaoni, anakariri, na siku ya mtihani anarudisha alichokariri bila kujua kinasema nini.

Shule nyingi zina kozi ya awali ya Kiingereza kwa wanaoingia kidato cha kwanza, ya wiki kadhaa. Naiheshimu kazi ya walimu wanaoifundisha, lakini wiki kadhaa haziwezi kujaza pengo la namna hii. Pengo hilo linajazwa darasa la tatu, la nne, la tano.

Hoja ya pili: Kiswahili ni nguzo, si kizuizi

Kila nikizungumza na wazazi, swali la kwanza huwa lilelile: "Si afadhali waanze kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza tangu mwanzo?" Ni swali la mtu anayempenda mwanawe, na linastahili jibu la heshima.

Majirani zetu wamejaribu namna mbalimbali. Kenya inafundisha kwa lugha ya eneo au Kiswahili miaka ya mwanzo, kisha Kiingereza kuanzia gredi ya nne. Uganda, kwa mtaala ulioanza 2007, iliufanya mwaka wa nne kuwa mwaka wa mpito. Rwanda ilihamia Kiingereza mwaka 2008, ikarudi Kinyarwanda kwa madarasa ya mwanzo, kisha mwaka 2019 ikaamua Kiingereza kianze tena tangu darasa la kwanza. Hapa nyumbani, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mkiyatazama haya yote kwa pamoja mtaona kwamba ukuta wa lugha umesogezwa huku na huku, lakini urefu wake haukupungua. Mtoto wa darasa la tano anayefundishwa sehemu za kumi kwa lugha asiyoijua ana shida ileile ya mwenzake wa kidato cha kwanza, ila yeye ana umri mdogo zaidi.

Kuna jaribio moja la Afrika ambalo natamani kila mzazi alijue. Mwaka 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, walianzisha mradi wa miaka sita. Kundi moja la watoto lilifundishwa masomo yote ya msingi kwa Kiyoruba, na Kiingereza kikafundishwa kama somo na walimu walioandaliwa kwa kazi hiyo. Kundi la pili lilifuata desturi ya pale: Kiyoruba miaka mitatu, kisha Kiingereza. Mwishoni watoto waliosoma kwa Kiyoruba miaka yote sita hawakuwa nyuma kwa Kiingereza, na katika masomo mengine walifanya vizuri zaidi. Msikilize vizuri kile kipande cha walimu walioandaliwa, maana nitakirudia.

Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alieleza sababu ya matokeo kama hayo tangu mwaka 1979. Kiingereza cha kuongea na wenzako uwanjani ni jambo moja, na Kiingereza cha kusomea Historia ni jambo lingine. Kwa watoto wa wahamiaji huko Kanada, wanaozungukwa na lugha hiyo barabarani, dukani na kwenye televisheni, kile cha kwanza kilichukua kama miaka miwili, na cha pili mitano hadi saba. Cummins alisema pia kwamba anayejua kusoma, kulinganisha na kutoa sababu kwa lugha yake haanzi upya akifika kwenye lugha nyingine. Asiyeweza kusoma habari ya aya tatu kwa Kiswahili hataweza kuisoma kwa Kiingereza, hata tukimpeleka shule ya ada gani.

Na tukumbuke kwamba kwa watoto wengi Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Mtoto wa Kisukuma kijijini Shinyanga, wa Kiiraqw huko Mbulu, wa Kimaasai Longido, anakuja shuleni na lugha ya nyumbani, anajenga Kiswahili, kisha juu yake anaweka Kiingereza. Anajifunza lugha ya tatu. Akiteleza tusimcheke.

Kwa hiyo naziomba shule, za serikali na za binafsi, ziachane na ule mchezo wa kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuikomboa fikra, alisimulia jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa kwa kuongea Kigĩkũyũ. Mkoloni ameshaondoka, na kibao tunakichonga wenyewe.

Hoja ya tatu: hesabu ya kipindi haidanganyi

Kipindi cha darasa la tatu hadi la saba ni dakika 40. Tuchukulie vipindi vitano kwa wiki, wiki 39 za mwaka wa masomo: saa 130 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni saa 650, na hapo hatujatoa siku za mitihani, mvua, misiba, wala mbio za mwenge.

Sasa ingieni darasani. Watoto 90, madawati ya watatu watatu, wengine wamekaa chini karibu na ubao. Mwalimu akitaka kila mtoto aongee Kiingereza, na yeye mwenyewe akae kimya kabisa kipindi kizima, kila mmoja anapata sekunde 26 na ushei. Ndiyo maana darasa zima linajibu kwa pamoja. "Good morning, teacher!" "Thank you, teacher!" Sauti inatikisa bati, na wathibiti ubora wanaandika kwamba somo lilikuwa changamfu. Simlaumu mwalimu. Kwa idadi ile, kuitikia kwa pamoja ndiyo njia pekee ya watoto wote kufungua kinywa. Lakini anayeitikia "Yes" na wenzake 89 huenda hajui ameulizwa nini.

Nililipitia daftari moja la darasa la tano kwa makini, ukurasa kwa ukurasa. Kurasa za mwanzo ni mazoezi ya kujaza nafasi: "a" au "an". Kumi, kumi na tano, yote yamepigwa vema kwa wino mwekundu. Kisha inakuja insha fupi, sentensi sita kuhusu familia, na ndani yake imo hii: "My mother he is go to the market." Mwalimu ameizungushia duara na kuandika "sifuri." Mimi ningempa alama. Katika lugha yetu mama ni yeye na baba ni yeye, kwa hiyo mtoto amechagua neno moja kwa wote wawili, kama akili yake ilivyozoea. Na alijua kwamba kitenzi cha Kiingereza kinahitaji kitu mbele yake, ila hakukumbuka mwisho wake. Anafikiri. Kinachomkosesha ni kwamba hajawahi kukutana na "she is going" mara za kutosha ili "he is go" imkwaruze sikio. Zoezi la kujaza nafasi haliwezi kumpa mara hizo. Liwezalo ni kumpa nafasi nyingine kumi za kujaza.

Hoja ya nne: kusoma ndiko kunakoongeza Kiingereza pasipo na wasemaji wake

Hapa ndipo nilipowaomba msitazame saa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio katika shule za vijijini za visiwa vya Fiji, kwenye bahari ya Pasifiki. Watoto walikuwa wa darasa la nne na la tano, umri wa watoto tunaowazungumzia. Nyumbani waliongea Kifiji au Kihindi cha huko, na shule zao karibu hazikuwa na vitabu vya hadithi. Kiingereza walifundishwa kwa kurudiarudia mifumo ya sentensi, mfumo mmoja baada ya mwingine. Mnaifahamu njia hiyo.

Watafiti walizipelekea baadhi ya shule vitabu 250 vya hadithi kwa kila darasa, vyenye picha na lugha nyepesi. Baadhi ya madarasa yalipewa muda wa kila siku wa kusoma kimya. Mengine yalisoma pamoja na mwalimu: anashika kitabu, anasoma kwa sauti, watoto wanafuatilia, wanazungumzia kisa, wanakisoma tena, wanachora, wanaigiza. Shule nyingine ziliendelea na mazoezi kama zamani. Baada ya mwaka wa kwanza watoto wenye vitabu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kusikiliza kwa kasi ya karibu mara mbili ya kawaida. Mwaka wa pili faida hiyo ilienea hadi kwenye kuandika na sarufi. Sarufi, jamani! Ile tunayoipigania kwa "a" na "an".

Kwa nini ilifanya kazi? Kwanza, hadithi inarudiarudia lugha bila kuchosha. Sungura akimdanganya Fisi kwa kurasa 16, neno "said" linatokea mara thelathini, na mtoto halioni kama zoezi kwa sababu anataka kujua kama Fisi atashtuka. Pili, kitabu hakina haraka. Unarudi nyuma, unatazama picha, unamwuliza jirani wa dawati kwa Kiswahili. Na tatu, jambo ambalo kwetu ni kubwa zaidi: kitabu hakikosei Kiingereza.

Natamka hili nikiwaheshimu walimu waliomo humu. Mwalimu wa Daraja la Tatu A alimaliza kidato cha nne, akapita chuo miaka miwili, akapangiwa vipindi vya Kiingereza kwa sababu hakuna mwingine wa kuvibeba. Yeye pia ni zao la mfumo huuhuu. Wale walimu walioandaliwa wa Ife sisi hatunao katika kila shule, na hatutawapata mwaka ujao. Lakini mwalimu anayeogopa kuzungumza Kiingereza dakika 40 anaweza kusoma kitabu cha kurasa 16 kwa sauti, hasa akikipitia usiku wa jana yake. Akivisoma hamsini kwa mwaka, Kiingereza chake mwenyewe kitapanda, na hakuna semina yenye posho iliyowahi kumfanyia hivyo.

Kusoma kwa sauti si pambo. Mtoto wetu amefundishwa kusoma Kiswahili kwa silabi, na Kiswahili ni mwaminifu: unachokiona ndicho unachokitamka. Akipewa Kiingereza peke yake anaendelea hivyohivyo. Nimemsikia mtoto akisoma "people" kwa sauti kubwa na kwa kujiamini kabisa: pe-o-ple. Na "one" akaisoma o-ne. Alisoma sawasawa na alivyofundishwa. Asiposikia neno huku akiliona, ataibeba "pe-o-ple" yake hadi chuo kikuu. Kwa hiyo darasa la tatu na la nne, mwalimu asome nao. Darasa la tano kwenda juu, wasome wawili wawili, kisha kimya.

Nani atalipa? Swali la kamati ya shule, na ni swali halali. Hatuhitaji vitabu 250 siku ya kwanza. Sanduku la vitabu vyembamba 60, tofauti tofauti, linatosha kuanzia darasa moja, kisha linahama na watoto au linabadilishana na darasa jirani. Ruzuku inaweza kununua vichache kila mwaka. Na tangu 2014 kuna hazina ya hadithi za watoto ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini na taasisi ya Saide, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa bila malipo. Nyingi zipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, hadithi ileile. Mpeni mtoto ya Kiswahili Jumatatu na ya Kiingereza Jumatano. Kisa anakijua, kwa hiyo akili yake yote inabaki kwa lugha.

Sharti langu ni moja. Vitabu visifungiwe kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Tunajua kinachotokea: vitabu vinapokelewa, vinagongwa mhuri, vinaandikwa kwenye leja, vinawekwa ndani, na ufunguo anabaki nao mtu mmoja ambaye siku ya Ijumaa yuko kwenye kikao kata. Mwalimu mkuu anaogopa hasara, na ana sababu, kwa sababu akipoteza anaulizwa yeye. Basi kamati ya shule iandike katika kumbukumbu zake kwamba vitabu kadhaa kwa mwaka vitachakaa au vitapotea na hakuna atakayedaiwa. Mthibiti ubora akikuta kitabu kimechanika kona, aandike kwamba kimesomwa.

Kabla sijaiacha hoja hii, neno kwa walimu wa Sayansi na wa Maarifa ya Jamii wa darasa la sita. Kaeni na mwalimu wa Kiingereza mara moja kwa mwezi. Mkimaliza usanisinuru kwa Kiswahili, yeye wiki inayofuata asome na watoto kifungu kifupi cha Kiingereza kuhusu jambo hilohilo. Dhana wanaijua, wanakutana na majina yake mapya tu. Tukifanya hivyo kwa mada kumi au kumi na mbili, Januari ile mtoto hatakutana na sayansi ngeni na lugha ngeni ndani ya sentensi moja.

Hoja ya tano: mtihani unafundisha kuliko mtaala

Hii ni fupi. Muhtasari unataja stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hausikilizi wala hauzungumzi, na sehemu yake kubwa imekuwa ya kuchagua herufi na kusiliba kiduara. Mwalimu si mjinga. Shule yake ikiwekwa kwenye orodha ya ufaulu wa wilaya, atafundisha kusiliba, na tuisheni ya asubuhi itakuwa ya kusiliba. Hata hivyo Kiingereza kimekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani huo, na tathmini za Uwezo zilizoanza 2010 zilionyesha kwamba watoto walishindwa zaidi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili kuliko ya Kiswahili. Njia ya mkato haijatufikisha hata pale inapodai kwenda. Ningependa Baraza la Mitihani limtake kila mtoto aandike aya moja kwa mkono wake, hata ya sentensi tano. Usahihishaji utakuwa mzito, najua. Lakini siku aya hiyo itakapoingia kwenye mtihani, itaingia kwenye kila darasa la sita nchini ndani ya muhula mmoja.

Mwenyekiti ananionyesha kidole kimoja, sijui ni dakika moja au ni onyo, kwa hiyo nielekee mbele.

Mtaala mpya umeanza kutumika 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imezinduliwa mwaka 2025. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na Kiingereza sasa kinaanza darasa la kwanza badala ya la tatu. Wazazi wengi wamefurahi, na mimi sipingi. Nasema tu kwamba kuongeza miaka miwili ya kuitikia kwa pamoja ni kuongeza kuitikia. Na wakati huohuo tumepunguza mwaka mmoja kule juu, ule wa darasa la saba, ambao angalau mtoto alikuwa amekomaa.

Wekeni tarehe hii kwenye shajara zenu: Januari 2028. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, na mwaka huohuo walio mbele yao wanamaliza la saba kwa utaratibu wa zamani. Makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza pamoja. Wizara na halmashauri zinahesabu madarasa, madawati na matundu ya vyoo, na ni haki zihesabu. Katika hesabu hiyo mwalimu wa kidato cha kwanza atakuwa na watoto wengi kuliko alivyowahi kuwa nao, wote kwa wakati mmoja wakihama lugha, na hatapata nafasi ya kumshika mkono mmoja mmoja. Kazi hiyo itakuwa imefanyika huku chini, au haitafanyika.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu kwa vikao vyenu vijavyo. Kamati za shule ziweke sanduku la vitabu katika bajeti ya mwaka, hata dogo, na ziandike ule msimamo wa kutodai vilivyochakaa. Walimu wakuu watenge dakika 20 za kila siku za kusoma katika ratiba, darasa la tatu hadi la sita, ambazo haziguswi na majaribio wala na maandalizi ya sherehe. Na chuo hiki cha ualimu, Mkuu wa Chuo naomba uniwie radhi kwa kukutaja mbele za watu, kiwape wanachuo wake zoezi la kufundishia lenye hadithi moja ya Kiingereza ya kusomwa kwa sauti mbele ya watoto halisi, na wapimwe kwalo kabla hawajapewa cheti.

Wazazi hamjatwishwa gharama. Jioni moja kwa wiki, mwambieni mtoto awasomee kurasa mbili. Kama ninyi wenyewe Kiingereza hamkijui, ni vizuri zaidi: mwambieni asimulie kwa Kiswahili alichosoma, na akishindwa kusimulia mtajua amepita juu ya maneno tu.

 Mwenyekiti, naona mwalimu pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipougusa mtihani. Naomba maswali yaanze na yeye.